Vyungu Visivyo na Masizi

Mbasa wa kuchoma ana raha yake. Mbasa wa kuchoma usiyemlipia ana raha mbili, na Jumamosi ile Kenani alikuwa anamalizia raha ya pili kwenye kibanda cha Jeni, ufukweni Matema, huku akilamba vidole utadhani amefanya kazi.

Jeni, aliyeuza samaki mchana na vocha saa zote, alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kaka Kenani, mara ile ulisema ukinirusha mtandaoni, watu watapanga foleni hapa mpaka Itungi."

"Nilikurusha au sikukurusha?"

"Ulirusha samaki. Jina la kibanda hukulitaja."

"Ndiyo ufundi wenyewe, dada! Kwanza tunawatia hamu. Jina tunalitaja awamu ya pili."

Awamu ya pili, kama unavyoweza kukisia, ilihitaji samaki wa pili.

Tumfahamu kijana wetu kabla hajatutoroka. Kenani hakuwa na shamba, hakuwa na duka, hakuwa hata na kuku. Alichokuwa nacho ni akaunti ya video fupi iitwayo Kyela Inang'aa, yenye wafuasi laki moja na ushee, aliowapata kwa kuwarekodi akina mama wa watu wakicheza ngoma harusini bila kuwaomba ruhusa. Akaunti hiyo ilimlisha, ilimnyoa, ilimvika. Kinyozi alimnyoa kwa ahadi ya kurushwa. Muuza mitumba alimpa shati kwa ahadi ya kurushwa. Mwenye nyumba alishamvumilia miezi kadhaa, akiisubiri siku ambayo vyumba vyake vitarushwa. Ukimnyang'anya Kenani akaunti ile, kilichobaki ni miwani ya jua na mdomo. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na ndilo jambo pekee duniani lililomnyima usingizi.

Na hapa niseme ukweli, msije mkadhani nachukia maendeleo. Video fupi zimewainua watu wengi. Kuna mama kule Ngana anaonyesha ndizi zake zikiwa bado mgombani, na wanunuzi wa Mbeya wanampigia kabla hajanoa panga. Mtu anaonyesha alichonacho, mwenzake anakiona, gari linajaa. Jambo lenyewe ni rahisi mno. Na kwa kuwa ni rahisi, wakajitokeza akina Kenani kulifanya gumu, ili wao wapate kulifafanua na kula samaki.

Basi simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Damaris, mama mmoja wa Kyela mjini aliyekuwa anakaribia kufungua hoteli.

"Kenani, nataka vyungu vya Wakisi. Vingi, vizuri, ukumbi mzima. Wageni watakunywa maji ya chunguni, wajirekodi, warushe. Kila mtu sasa anataka mambo ya asili. Ukiniletea kabla ya uzinduzi, ile bajaji yangu ni yako. Nimechoka nayo."

Kenani aliusikiliza mara mbili. Kisha akainua macho, na lo! Mitumbwi ilikuwa inaingia Lyulilo kwa ajili ya gulio, imejaa vyungu mpaka ukingoni, wanawake wa Kikisi kutoka kijiji cha Ikombe wameketi katikati yake. Vyungu hivi hapa. Bajaji ile kule. Kilichokosekana ni namna ya kuvichukua bila kuvinunua, na hapo ndipo kipaji cha Kenani kilipokuwa kinaishi.

Alinawa mikono, akavaa miwani, akateremka gulioni.

"Ugonile, mama zangu!"

"Ndaga," wakaitikia, macho yao yakiwa kwenye mizigo.

Kiongozi wa wafinyanzi aliitwa Mama Ambwene. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, na sifa yake pwani nzima ilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kumpunja akarudi kusimulia. Kenani hakuijua sifa hiyo. Yeye alimwona mama wa kijijini mwenye udongo kucha zote kumi, akajihesabia ushindi hapohapo.

"Mama zangu, dunia imehama!" akaanza, mkono mmoja hewani. "Imehamia kwenye simu. Mnakaa hapa kumsubiri mteja mmoja kutoka Makwale, aje abishane nanyi mpaka jua lizame, wakati Dar inavililia vyungu hivi. Karonga kule Malawi inavililia. Mimi nimekuja na Mpango wa Kukuza Uchumi wa Kanda ya Nyasa kwa Video Fupi. Kauli mbiu yetu: video fupi, uchumi mrefu!"

"Mpango wa nani?" akauliza Mama Ambwene.

"Wa wadau."

Neno hilo lina nguvu ya ajabu nchi hii. Ukilitaja, watu huacha kuuliza. Mama Ambwene naye akaacha kuuliza, akakunja mikono kifuani na kusikiliza. Kenani akamimina. Vyungu vitapelekwa mjini, kwenye studio yenye taa za kitaalamu. Vitarekodiwa kimoja kimoja. Vitakaa huko siku chache tu, kisha vitarudi, na nyuma yake watakuja wanunuzi na magari yao. Gharama kwa akina mama? Hakuna. Wadau wamebeba kila kitu.

"Na wewe unapata nini?" akauliza tena yule mama.

Kenani akaweka mkono kifuani. "Mimi, mama, napata faraja."

Wanawake wawili wakakohoa.

Mama Ambwene akamsogezea chungu. Kilikuwa kizuri, tumbo pana, mdomo umekunjwa vizuri, ila ubavuni kilikuwa na baka jeusi, kama vyungu vyote vilivyochomwa motoni kwa majani na kuni. Kenani akakikagua kwa ncha ya kidole, uso umemkunjamana.

"Hiki kina masizi."

"Hayo ni ya moto, mwanangu. Chungu kisipo..."

"Mama. Samahani. Kamera haipendi masizi."

"Lakini bila moto..."

"Mama yangu, kila mtu na fani yake. Wewe finyanga, mimi nirushe. Nataka vyekundu, vinavyometameta, visivyo na doa. Kama hamna, niende kwa wafinyanzi wengine."

Mama Ambwene akamtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka miwani, akarudi tena mpaka viatu.

"Visivyo na doa vipo," akasema taratibu. "Viko nyumbani Ikombe, tumevianika. Ila vile bado..."

"Bado kuuzwa? Ndivyo ninavyovitaka! Vipya!"

Mama Ambwene akawageukia wenzake, akasema maneno machache ya Kikisi. Wanawake wote wakajifunika midomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Kenani, ambaye Kikisi chake kiliishia kwenye majina ya samaki, akatoa simu haraka akawarekodi. Chini ya video akaandika: Furaha ya akina mama wa Nyasa baada ya kupata mkombozi. Watu elfu kadhaa waliipenda.

"Sawa, tutakupa," Mama Ambwene akasema. "Lakini unaujua utaratibu wetu? Anayechukua vyungu kwa ahadi anaacha kafi."

Na kweli ndivyo walivyofanya pale. Mtu wa upande wa Malawi akija bila chochote mkononi, akataka vyungu aende akaviuze kwanza, anaachia kafi moja kati ya mawili aliyokuja nayo. Anarudi kwao akipiga upande mmoja, mtumbwi unamzungusha, watu wanamcheka njia nzima, na hiyo aibu humfanya arudi upesi. Akirudisha vyungu au thamani yake, anapewa kafi lake na chakula juu.

"Mimi sina mtumbwi, mama."

"Kila mtu ana kafi lake. Wewe la kwako ni hiyo akaunti."

Kenani akakumbatia simu yake kifuani. Akajaribu kutoa miwani. Wakaikataa. Akajaribu saa, wakaicheka. Akawaza bajaji ile, rangi ya bluu, viti vya plastiki bado havijabanduka. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni mtoto wa mjini. Akaunti unaweza kuifungua kwenye simu ya mtu, na ukifika mbele unabadilisha neno la siri, mtu huyo anabaki na simu yake na mshangao wake. Hawa akina mama wangejuaje?

"Ni haki kabisa," akasema, sauti imejaa maadili.

Wakamwita Jeni aje aifungue akaunti kwenye simu ya Mama Ambwene. Jeni alikuja mbio hata aproni hakuvua. Alishughulika na simu ile muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akimwuliza Kenani mara hiki mara kile, na Kenani, aliyekuwa tayari anaendesha bajaji kichwani mwake, alijibu yote bila kutazama.

Jumatatu alikwenda Ikombe kwa mtumbwi. Vyungu aliviona vimepangwa kivulini: vyekundu, vimesuguliwa kwa kokoto mpaka vinang'aa, havina hata alama. Akapiga mluzi. Na akina mama walivyovibeba! Hatua za taratibu, vimekumbatiwa kwa mikono miwili, vimezungushiwa majani makavu ya migomba juu na chini. Kenani aliguswa. Aliona wanavyomheshimu.

"Nakuambia mbele ya hawa wenzangu," akasema Mama Ambwene mzigo ulipokwisha kupakiwa, "vyungu hivi visiguswe na maji. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema visiguswe na nini."

"Na maji, mama. Ndaga fijo, asante sana."

Alidhani ni mila. Watu hawa wana mila nyingi, akajiambia, na mtaalamu mzuri huheshimu mila mpaka afike barabarani. Pale Matema kirikuu ya mizigo ya dereva mmoja, Enoki, ilikuwa inasubiri, nayo imekodiwa kwa ahadi ya kurushwa. Enoki aliendesha polepole njia nzima, akigonga chungu kimoja kwa kidole kila waliposimama.

"Mbona havilii?" akauliza. "Vya mama yangu ukivigonga vinalia ngii."

"Hivi ni vya daraja la juu. Vimetulia."

Uzinduzi ulikuwa Jumatano. Damaris alikuwa amepamba ukumbi kwa vitenge, amealika wafanyabiashara wa mji mzima, na mgeni rasmi alikuwa Mzee Zebedayo, mnunuzi wa kokoa, aliyevaa suti ya kijivu na viatu vyeupe vya kutisha. Vyungu vilipangwa mezani na kwenye ngazi za jukwaa, na kila aliyeingia alivipiga picha. Nje ya mlango bajaji ilisimama, utepe shingoni.

Kenani alikuwa amepanga kubadilisha neno la siri asubuhi hiyo. Wallahi alipanga. Lakini aliposhika simu ili arushe uzinduzi moja kwa moja, watazamaji wakaanza kuingia kwa mamia, kisha kwa maelfu, na kubadilisha neno la siri kungemlazimu akate matangazo. Nani anakata matangazo watu wakiwa wanaingia? Akaona atabadilisha baadaye, akiwa ndani ya bajaji yake.

"Ndugu watazamaji," akatangaza, simu ameinyoosha mbele, "hii ndiyo Kyela Inang'aa! Mnavyoviona ni vyungu vya Wakisi, vilivyochaguliwa na mimi mwenyewe binafsi. Video fupi, uchumi mrefu! Dada Damaris, endelea."

Damaris akapiga makofi. Wahudumu wakapita na ndoo, wakajaza maji kila chungu. Wageni wakashangilia. Kenani alikumbuka neno moja la onyo kutoka Ikombe, akalimeza.

Mzee Zebedayo akapanda jukwaani kutoa nasaha. Alizungumzia fursa. Alizungumzia vijana kujiajiri. Alipofika kwenye uchumi wa kanda, Damaris akamvuta Kenani shati.

"Kenani, mbona vinatoka jasho?"

Vilikuwa kweli vinatoka jasho. Jasho jekundu.

"Hiyo ni teknolojia ya asili, dada," Kenani akasema kwa sauti, ili na watazamaji wafaidi. "Chungu kinapumua. Ndivyo kinavyopoza maji."

Chungu kilichokuwa karibu na mgeni rasmi kikalegea upande mmoja.

"Hiki kinapumua au kinakata roho?" akauliza Mzee Zebedayo kwenye kipaza sauti.

Kitako cha chungu kilidondoka chote kwa mpigo, maji na matope yakamwagikia viatu vyeupe. Kikafuata cha pili. Kisha vyote, meza hadi meza, ngazi hadi ngazi, vikaporomoka kama uji, na ukumbi wa Damaris ukawa jaruba la mpunga siku ya kupanda. Wanawake walipanda juu ya viti. Mchungaji aliyekuja kubariki jengo aliteleza, akakaa chini, akabaki hapohapo akitafakari. Vitenge vilikwisha, keki ilikwisha.

"Kenani!" Damaris alipiga yowe. "Umeniletea udongo! Umeniuzia tope, Kenani!"

Maana ndivyo vilivyokuwa. Vyungu vibichi, vimekauka tu, moto havijauona hata kwa mbali. Masizi yale aliyoyakataa ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba chungu kimeiva, na yeye, mtoto wa mjini, alikuwa amesafiri kwa mtumbwi na gari kukusanya tope lililong'arishwa.

Sasa mkononi mwake simu ilikuwa bado inarusha. Watazamaji elfu ishirini, vicheko vinapanda kwenye kioo bila kikomo. Kenani akabonyeza kukata, ajifiche, aifute, aseme ni wachawi. Matangazo yakakatika kweli, na papo hapo akaunti ikamtoa nje. Akaingiza neno la siri, likakataliwa. Akaliingiza tena kwa vidole vyenye matope. Likakataliwa. Akaomba lirejeshwe kwa namba ya simu, akaambiwa namba iliyopo si yake. Hapo akamkumbuka Jeni na yale maswali yake, akaelewa namba ile iliwekwa lini.

"Hee, tazameni!" akasema mgeni mmoja, simu yake juu. "Kuna kipindi kingine!"

Kwenye Kyela Inang'aa alikuwa ameketi Mama Ambwene, khanga safi, amepakata chungu chenye baka jeusi. Sauti yake ilijaa ukumbi.

"Ugonile, watu wa Kyela. Huyo kijana tulimwonya. Tulimwambia habari ya moto, akatuambia kamera haipendi masizi. Tulimwambia visiguswe na maji, mashahidi ninao, hawa hapa. Sasa tazameni." Akamimina maji kwenye chungu chake, akakiweka mafigani, akatumbukiza mbasa. "Hiki bibi yangu alikipikia, mama alikipikia, na mimi nakipikia. Ukitaka cha kupigia picha, mtafute Kenani. Ukitaka cha kupikia, namba ya Jeni iko hapo chini."

Damaris alikuwa wa kwanza kupiga, akiwa bado juu ya kiti, gauni limelowa matope.

"Mama, mimi ndiye mwenye hoteli. Nataka vyeusi! Vyenye masizi kabisa! Bajaji ninayo, njooni muichukue mvibebee."

Bajaji ikaondoka Alhamisi na utepe wake, Jeni nyuma amekaa kama waziri.

Unataka kujua Kenani alikimbilia wapi? Hakukimbia. Akimbilie wapi mtu asiye na akaunti? Kinyozi alimdai. Muuza mitumba alilifuata shati lake mpaka mgongoni. Mwenye nyumba alibadilisha kitasa. Damaris alimshikisha koleo, akazoa tope lote ukumbini, na alipokuwa anazoa, wazo likamjia, la mwisho na la kijanja kuliko yote. Utaratibu si unasema rudisha vyungu upewe kafi lako? Akalitia tope kwenye viroba, akamlilia Enoki mpaka akakubali kumbeba, akavuka kwa mtumbwi hadi Ikombe, akamwaga viroba miguuni pa Mama Ambwene.

"Vyungu vyenu vyote hivi hapa, mama. Havijapungua hata kidogo. Naomba akaunti yangu."

Wanawake walikuwa na kazi. Simu ilikuwa inalia bila kupumzika, watu wa Karonga, watu wa Mbeya, hoteli mbili za Dar, na vijana wa Ikombe waliokuwa wameondoka kutafuta vibarua walikuwa wamerudi kuchanja kuni. Hata hivyo Mama Ambwene alichuchumaa, akachukua tope kidogo, akalifikicha, akalinusa.

"Ni udongo wetu kweli," akasema. "Hujatudhulumu. Haya, vifinyange, vikishaiva utapewa kafi lako."

"Mimi? Mama, mimi si mfinyanzi!"

"Kila mtu na fani yake, ulisema. Sasa utapata ya pili."

Kenani akavua miwani, akapiga magoti. Chungu chake cha kwanza kilifanana na kiatu kilichokanyagwa. Walikichoma hivyohivyo, kikapasuka motoni kwa mlio wa bunduki, na video yake ilitazamwa na watu wengi kuliko video zake zote za ngoma zikijumlishwa. Oda za wiki hiyo ziliwashinda akina mama, ikabidi waite ndugu zao wa kijiji cha pili waje kusaidia.

Jioni, mgongo unamuuma, udongo kucha zote kumi, Kenani aliinua uso.

"Mama, nimebakiza vingapi?"

Mama Ambwene alimsogezea simu karibu, ili watazamaji wamwone vizuri.

"Vyote, mwanangu," akasema. "Tabasamu."